Matikiti ya Gibson Majani Mawili

Hadithi hii alitusimulia kwanza shangazi Chepkurui, Desemba 1996, jikoni kwake. Mwaka uliotangulia alikuwa na kibanda cha chai Sigor, na nje yake benchi walilozoea kukaa wanaume watatu. Gibson, kaka yake, aliitwa Majani Mawili kwa sababu alichuma chai, majani mawili na chipukizi, Mogogosiek miaka ishirini. Kipkosgei aliitwa Redio kwa kuwa hazimwi. Mokaya, fundi wa baiskeli, aliitwa Daktari. Gibson alipoacha chai, kaka yao mkubwa Mathew alimpa kipande cha shamba kwa msimu mmoja. Akapanda matikiti maji, watu wakamcheka. Mitambao ilijaa shamba lote lakini tunda halikuonekana, na Mathew akasema kesho asubuhi ng'ombe wanaingia na plau, yeye apande mahindi. Siku hiyo hiyo Gibson alileta habari benchini.

— Nitakaa katikati ya shamba, Gibson alisema. Hao ng'ombe wapitie juu yangu kwanza.

— Watapita, Redio akasema. Ng'ombe hajui ndugu ya mwenye plau.

— Wapite. Siondoi hata mtambao mmoja.

— Shida yako ni maji, Redio akaendelea. Tikiti karibu yote ni maji, na maji yakimwagika hayazoleki. Yako yameteremka mpaka mto Mara. Saa hii kuna kiboko huko ananenepa na jasho yako.

— Wacha uongo, Mokaya akasema. Shida ni kidole. Huyu kila siku anaonyesha watu shamba na kidole. Tikiti changa ukiinyooshea kidole inaona aibu.

— Itaona aibu aje na haijazaliwa? Gibson akauliza.

— Ndiyo maana haizaliwi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Tikiti iko na guu gani, Daktari?

— Masikio inayo, Redio akadakia. Ile imeiva ukigonga inakujibu, sauti nzito ya ndani. Sasa hizi zimesikia vile tunazicheka hapa. Zimegoma.

Gibson aliweka kikombe chini.

— Kama zimegoma, tutagoma pamoja. Miaka ishirini kengele ya chai ililia, nikaenda. Kesho hata aite nani, sitoki.

Shangazi alisema hapo hakuna aliyecheka.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mgeni, Bitutu, aliyeleta ndizi kutoka Kisii. Alikunywa chai yake yote kabla ya kusema neno.

— Mzee, na maua yake iko aje?

— Maua? Gibson alikaa wima. Shamba yangu haina ua hata moja. Naamka alfajiri, natoa yote. Chai ikitoa maua, nyapara anajua ulilala.

Redio alikubali kwa kichwa. Mokaya pia. Wote wawili walikuwa wamewahi kuchuma chai.

— Hata ile iko na kitu kidogo ya mviringo hapo nyuma?

— Hiyo ndiyo natoa kwanza. Nilijua ni ugonjwa.

— Sasa mzee, tunda ilikuwa itokee wapi?

Redio alitazama barabara. Mokaya alichukua spana, akairudisha mfukoni. Shangazi aliinamisha thamosi, likatoka tone moja.

Asubuhi Mathew alifika na ng'ombe wanne. Gibson alikuwa ameketi katikati ya mitambao, mikono ameibana kwapani. Maua ya manjano yalikuwa yamefunguka pande zote, nyuki wanaingia na kutoka.

— Toka, Mathew akasema.

— Sitoki. Na leo sijagusa kitu.

Mathew aliitazama ile mikono. Tangu utoto hakuwahi kuiona imetulia. Akageuza ng'ombe.

Tunda la kwanza lilikatwa juu ya benchi lile lile, mwezi wa nane.

Mathew alifariki 1998. Redio alimtangulia kwa mwaka mmoja. Mokaya alirudi kwao Nyamira na hatuna habari zake. Shangazi yu hai. Gibson yu hai, na akipita karibu na ua lolote, mikono huenda kwapani.