Bi Mwatumu Idarusi, Aliyewafuata Watoro Ili Waage

Tarehe 30 Juni 1998 Bi Mwatumu Idarusi anatimiza miaka ishirini na saba katika ofisi ya usajili ya chuo chetu, na kwa mujibu wa sheria anastaafu. Nasema kwa mujibu wa sheria, maana miguu yake bado haijaambiwa.

Alianza karani, akapanda hadi msajili msaidizi. Kazi iliyompa jina ni ile tuliyoikwepa wote: kuwashughulikia wanachuo wanaoacha kozi. Utaratibu si mgumu. Mwanachuo huandika barua, mkuu wa idara huidhinisha, maktaba na bweni huthibitisha kwamba hana kitu chao, kisha msajili hugonga muhuri. Aliyepita njia hiyo hutunziwa nafasi, na mambo yakimnyookea hurudi. Aliyeondoka kimyakimya huandikwa mtoro, na harudi tena.

Ikaja ile miaka sabuni ilipokuwa lulu na sukari hadithi. Jumatatu kijana yupo, Jumanne kitanda kitupu. Wengine tulisema shauri yao. Bi Mwatumu hakutulia. Alijitanda buibui, akapanda basi kuwafuata makwao, si kuwarudisha, bali wakae kitako waandike barua ya kuacha kozi.

Mwaka 1983 alimfuata Sele Kombo, wa mwaka wa pili, kwao Maramba. Sele alikuwa anauza sabuni za kuvuka mpaka, na msako wa walanguzi umepamba moto. Kuona buibui na faili vinakuja, akadhani ni serikali. Akatokea mlango wa uani, akazama kwenye mihogo. Bi Mwatumu akaketi barazani kwa mama yake, akanywa chai kavu, mpaka magharibi mbu walipomtoa Sele shambani. Alichoambiwa tunakijua sote: "Mwanangu, kuingia ulipiga hodi. Kutoka huagi?"

Sele akaandika, Bi Mwatumu akaizungusha barua ofisi zote mwenyewe. Biashara ilipofunguliwa na sabuni zikajaa kila duka, Sele akakosa wateja, akarudi kwenye nafasi yake. Leo ni mkuu wetu wa idara ya uhasibu.

Mama huyu hakai. Vikaoni husimama mlangoni akichezea funguo. Kiti alichonunuliwa miaka minne iliyopita bado kina nailoni yake ya dukani.

Basi Ijumaa iliyopita akamwachia mlinzi funguo, akapotea. Hakumuaga mtu! Tukasikia yuko Mwera kwa bintiye Zuwena, anasema machozi ya hadharani hayawezi. Ofisi nzima ikakosa raha, na mimi nilikasirika, sifichi. Jumamosi Sele akapanda basi. Zuwena anasimulia kwamba mama yake alipomwona tu, alikimbilia uani. Sele akaketi barazani, akaomba chai.

Amekubali kuja kuagwa. Hata hivyo, Sele tumemkalisha karibu na mlango.

Bi Mwatumu, ahsante kwa kila basi ulilopanda kwa ajili ya watoto wa watu. Siku hizi wanaacha masomo wakafungue vibanda vya mitumba, nasi hatujui nani atawafuata. Hofu hiyo tuachie sisi. Nenda Mwera ukapumzike kwa afya na furaha, na ukichoka kupumzika, njoo upige hodi. Umeaga; nafasi yako ipo.