Ndoto Ambayo Sikuitoa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wengine mmeitikia, wengine mmeangalia chini. Mnaoangalia chini nawajua, tulikuwa pamoja kule kanisa la zamani. Leo sikuja na leso ya kufuta machozi. Nimekuja na hasira, na nimemwomba Mungu asiniondolee mpaka nimalize kusema.

Mimi ni Mama Makena. Nilizaliwa Meru, nikaolewa, nikabaki mjane mapema, nikateremka Isiolo na mtoto mgongoni kutafuta maisha. Duka langu liko Bulla Pesa: sukari, majani ya chai, unga, sabuni, basi. Makena sasa ana miaka tisa na ni yeye tu nilipewa. Huyo ndiye nusura nimpoteze. Si kwa ugonjwa, si kwa ajali, ni kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kwa miaka minne kwenye baraza ya duka langu aliketi mama mmoja Mborana, anaitwa Halima. Alikuwa anauza maziwa ya ngamia. Kila siku saa nne asubuhi gari ya maziwa inaingia kutoka upande wa Garbatulla, imejaa mitungi ya plastiki. Wanawake wa kule wanafukiza mitungi yao kwa moshi ili maziwa yasiharibike njiani, kila mmoja na kuni zake. Halafu kila mmoja anafunga kwenye mkono wa mtungi kitambaa alichorarua kwa nguo yake ya zamani. Mtungi ukiwa mtupu unarudi na gari, na mwenyewe anaujua kwa kitambaa chake. Hiyo tu! Hakuna siri hapo. Mimi nilikuwa naviona vitambaa hivyo kila siku, hata nilishamuuliza Halima akanieleza mwenyewe. Makena alikunywa maziwa hayo tangu akiwa mdogo. Mtu akinunua maziwa kwa Halima, anaingia kwangu kununua majani na sukari. Tulikuwa tunaishi vizuri.

Sasa sikilizeni. Kanisa nililokuwa nasali wakati huo lilikuwa na desturi ya kutoa ndoto. Jumapili baada ya sifa, mwenye ndoto anapita mbele, anapewa maikrofoni, anaieleza yote, na mtumishi anaifasiri. Jina la mtumishi silitaji, anajijua. Sheria yake ilikuwa moja: mtu akikulisha ndotoni, huyo ndiye mchawi wako. Mtaje! Ukinyamaza atakumaliza. Na sisi kwenye viti tunapiga makofi, tunapaza sauti, "Toa! Toa!" Nani hapa hajawahi kusema toa? Inua mkono nikuone.

Nikaota Halima amenipa kikombe cha maziwa. Nikanywa. Chini ya kikombe kulikuwa na meno, meno madogo ya mtoto, meupe kabisa. Ndoto mbaya, naam, lakini ndoto. Ningeomba, ningefungua duka, ingeisha. Lakini mimi nilikuwa naipenda ile maikrofoni, ndugu zangu! Wacha niseme ukweli. Wiki nzima hakuna anayenisikiliza ila kuniuliza kama sabuni ya kipande iko, halafu Jumapili kanisa lote linanyamaza kwa ajili yangu. Nikaitoa ndoto. Nikamtaja Halima.

Jumanne saa tano mchana, jua limewaka, mwalimu mmoja jirani yangu akaja kununua sukari nusu kilo. Nikachota, nikamimina kwenye mizani. Ikagonga. Nikaangalia: meno! Nikaingiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, ni meno matupu, na yale ya chini yalikuwa na joto bado. Nikamwambia, "Mwalimu, si unaona?" Mwalimu alichukua karatasi niliyomfungia, akaikunja vizuri, akasema asante. Nilimwona akienda huku akilamba kidole.

Mtu mwenye akili angejiuliza hapo. Mimi nilikimbia kwa mtumishi, na mtumishi akafurahi! Akasema mbingu zimethibitisha. Ijumaa akaja na akina mama wa maombi, na mafuta, na mikasi. Akanyoosha kidole kwenye mitungi ya Halima akasema vile vitambaa ni vya agano, vinafunga nyota za watu. Wakavikata vyote. Wakavichoma mbele ya duka langu. Halima alikuwa anaruka huku na huku akisema, "Hiyo ni jina ya watu! Mama Makena, si wewe unajua? Si uwaambie!"

Nilijua. Nilijua kabisa! Na nikaangalia mizani yangu kama mtu anayesoma. Mitungi ya wanawake maskini wa kule mbali ikawa haina mwenyewe, haiwezi kurudi, na Halima akafukuzwa kwenye baraza yangu kama mbwa. Alihamia ng'ambo ya barabara, akaketi kwenye jua. Hasira yangu ya leo inaanzia hapo, na inaanza na mimi.

Mnafikiri mambo yaliisha? Meno yaliisha siku ile ile, sukari ikarudi sukari, nami nikaota ndoto ya pili. Niliota ngamia anayetembea kwa mikono ya watu badala ya kwato. Nikaitoa Jumapili, makofi yakapigwa. Alhamisi mchana ngamia wakapita kutoka mnadani, na wa mwisho alikuwa na mikono minne. Viganja vimelala kwenye vumbi, kucha zimepakwa hina. Alisimama mbele ya duka, akapanguza mkono mmoja kwenye mwingine, akaendelea. Wachungaji waliokuwa nyuma yake walikuwa wanaongea habari ya mvua.

Jumapili iliyofuata sikuwa kanisani, nilikuwa Meru kwenye mazishi ya shangazi. Wiki hiyo pia nilikuwa nimeota, tena vibaya. Sikupata mahali pa kuisema. Na ile ndoto haijatokea mpaka leo. Lakini sikuona! Mtu akipenda makofi hawezi kuona.

Halafu niliota natoka dukani na kuingia dukani. Nikaitoa. Jumatano adhuhuri nikafungua mlango nitoke, nikajikuta nimeingia dukani kwangu. Nikatoka tena, nikaingia tena. Kila nikiingia, rafu zilikuwa na vitu vichache zaidi, na ukuta wa nyuma ulikuwa umenisogelea. Mara ya saba hakukuwa na kitu isipokuwa mimi na mizani, na kulikuwa na mtu amepanda kwenye mizani, amenipa mgongo, amevaa nguo yangu. Nikapiga kelele. Hapo nikasikia sauti kutoka nje, "Wee Mama Makena! Unazunguka nini huko ndani? Leta mkono!" Mkono ukaingia mlangoni, nikaushika, ukanivuta mpaka kwenye jua. Alikuwa Halima. Mtu niliyemchafulia jina alivuka barabara akanitoa!

Mnajua nilifanya nini? Nilipeleka hiyo pia kwenye maikrofoni. Nikasema ameweza kunitoa kwa sababu ufunguo ni wake. Nanyi mkapiga makofi. Mungu atusamehe.

Ndugu zangu, sasa tumefika kwa Makena. Wiki hiyo niliota ndoto nyingine, na ilikuwa na mtoto wangu. Hayo ndiyo mtasikia, na si zaidi. Niliamka nimeuma mto mpaka ukatoboka. Nikamdokezea mtumishi kwa simu kwamba nimeota juu ya mtoto. Sauti yake ikawa tamu kabisa. Akasema hiyo ni kubwa, niilete Jumapili, nisiseme neno kabla ya hapo.

Jumamosi mchana nikawa nafua sare ya Makena, naye ameketi karibu anakula mahindi na kunisimulia mambo ya shule. Ndipo nikahesabu kwa vidole vyenye povu. Niliyoitoa ya kwanza ilikuja. Ya pili ilikuja. Ya mazishi sikuitoa, haikuja. Ya mlango nikaitoa, ikaja. Jamani! Hakukuwa na mchawi. Ndoto zilikuwa nje zinagonga, na mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango kila Jumapili, kwa sauti kubwa, na kipaza sauti. Mdomo uliponza kichwa, wazee walisema. Wangu ulitaka kuponza mtoto.

Jumapili nikaenda nimekusudia kumwambia mtumishi pembeni kwamba sina ndoto tena. Hakunipa nafasi. Alikuwa ameshawatangazia watu. Akaniita kwa jina, akaniwekea maikrofoni mdomoni, akanishika shingo kwa nyuma. Makena alikuwa kiti cha mbele na watoto wenzake. Nanyi mkaanza, "Toa, dada! Toa!"

Mdomo ukafunguka wenyewe. Naapa mbele za Mungu, sikuufungua mimi! Ulimi ukainuka, ukasema, "Nilimwona Makena wangu..." Maneno matatu tu. Pale kitini mtoto akaacha kupiga makofi. Rangi ikaanza kumtoka kutoka vidoleni kupanda juu, nikaona mbao za kiti kupitia mkono wake. Watoto waliokuwa kando yake wakasogeleana, wakaijaza nafasi kabla hajaondoka. Hakuna aliyeshtuka. Mlikuwa mnacheka kwa furaha ya Bwana na mnasema toa.

Hapo hasira ikanipanda. Wacha niwaambie, sikuomba kwa upole. Nilimkasirikia shetani, nikamkasirikia yule mtu aliyenishika shingo, nikawakasirikia ninyi, nikajikasirikia mimi kuliko wote. Nikauma ulimi wangu mpaka damu ikajaa mdomoni. Nikasema moyoni, Yesu, mdomo huu ni wako, ufunge au uvunje! Na maneno yale mengine yalikuwa kooni yanasukumana, makubwa, yana nywele. Nikayameza. Yalinichubua mpaka tumboni, lakini nikayameza yote.

Kisha nikasema kitu ambacho hakikuwa ndoto. Nikasema, "Halima hakunifanyia lolote. Vile vitambaa ni alama za wenye mitungi. Nilijua siku ile ile mlipovikata, nikanyamaza." Nikarudia mara mbili ili wa nyuma wasikie. Mtumishi akanipokonya maikrofoni, lakini ilikuwa imeshasemwa. Makofi yalikatika kabisa. Mtoto mmoja akalia kwamba Makena anamkanyaga, anambana! Nikaangalia, nikaona mkono wa mtoto wangu, mweusi, mzima, una kovu lake la pasi. Haleluya! Nilimbeba na miaka yake tisa, nikatoka naye nje, na mlango ukanitoa nje.

Kutoka pale nilienda moja kwa moja nyumbani kwa Halima. Nikapiga magoti kwenye vumbi. Hakuniinua upesi, na hakupaswa. Akamimina maziwa kwenye kikombe akanipa, akaniangalia kama nitakunywa. Nikanywa mpaka mwisho, na damu ya ulimi wangu ndani yake. Chini ya kikombe hakukuwa na kitu.

Mitungi mitupu ilikuwa bado imejaa nyumbani kwake. Tuliketi mchana wote. Alikuwa anafungua kifuniko, ananusa moshi, anasema, huu ni wa fulani, huu ni wa mama mkwe wa fulani. Nikararua leso yangu nifunge alama, akanizuia. Akasema kila mtu afunge ya nguo yake mwenyewe, yeye ataipeleka mitungi kwa mkono mpaka kule. Nikamwambia baraza iko wazi, arudi. Akasema, "Mimi nimeachia Rabbi, Mungu wangu, sina maneno na wewe. Lakini hiyo baraza yako, hapana, sirudi." Hajarudi. Yuko soko lingine, mimi nanunua kwake kama mteja mwingine yeyote, na ninapanga foleni. Msitegemee niwaambie tulikumbatiana tukalia. Mungu aliniokoa, hakunifutia nilichofanya.

Basi namshukuru Bwana! Namshukuru kwa ulimi wenye kovu, ambalo daktari aliliulizia nikashindwa kumweleza. Namshukuru kwa Makena, anayenisumbua kwa hesabu za shule kila jioni. Namshukuru kwa mkono wa mama Mwislamu ulioingia mlangoni wakati Wakristo wenzangu walikuwa wananisindikiza kwa makofi.

Na ile ndoto ya mtoto wangu bado ninayo. Haijatoka. Kila siku inapanda mpaka nyuma ya meno na kungoja, na kila siku namwita Yesu, nami naimeza. Nitazikwa nayo.

Ndugu yangu uliyekuja leo na ndoto, na ndani yake kuna uso wa jirani yako, sikukatazi kumwamini Mungu. Mwamini kabisa! Alikuwepo ulipoota, aliona yote, hahitaji umsimulie kwa kipaza sauti. Njoo mbele tuombe pamoja, nitakushika mkono mimi mwenyewe. Lakini ukifika hapa, funga mdomo.