Fundi Timazi, Aliyeizuia Kwaya Ngazini

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, wanakwaya, majirani, mafundi wenzetu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutufuta machozi, nimesimama kwa niaba ya familia niwasomee maisha ya kaka yangu, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu karatasi zilizo mkononi mwangu ni nne, na jana jioni kikao cha familia kiliamua nisome tatu. Ya nne niliambiwa niiache nyumbani. Nimekuja nayo.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 3 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba mwashi na mama mshonaji, mimi nikiwa kitindamimba, akabatizwa tarehe 6 Mei mwaka huohuo, na mama alizoea kusema kwamba alipomwagiwa maji hakulia, alimkazia macho mchungaji kama anayekagua kazi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1959 na kumaliza la saba mwaka 1965, akafaulu, lakini mwaka huo baba alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga, kwa hiyo kaka akaweka daftari chini na kushika msumeno, akasoma useremala katika chuo cha ufundi kuanzia Januari 1968 hadi Desemba 1969, asubuhi akifanya vibarua na mchana akiingia darasani, na ni kwa mikono yake mimi nilivaa viatu vya kwanza, nikasoma hadi kidato cha nne, nikapata cheti cha ujenzi, hata nikaja kuitwa msimamizi mbele ya mtu aliyenifundisha kushika nyundo.

Tarehe 1 Februari 1970 aliajiriwa na kampuni ya ujenzi, akadumu humo miaka arobaini na moja hadi alipostaafu mwaka 2011, kazi yake ikiwa kutengeneza zile mbao zinazoshikilia zege likiwa bichi, na huko ndiko alikopewa jina la Timazi, kwa kuwa kile kipande cha chuma chenye uzi ambacho fundi hukining'iniza kuona kama ukuta umenyooka hakikukosekana mfukoni mwake, hata akialikwa chakula kwa watu, kabla hajanawa mikono alikuwa ameshapima fremu ya mlango wa mwenyeji na kuguna.

Alifunga ndoa takatifu siku ya Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1976, na shemeji yangu huyu mnayemwona, ambaye husema kwamba fundi alikuja kwao kuupima mlango mara tano, na mara ya tano baba mkwe akamwambia, “Kijana, mlango ni uleule, kama una neno lingine liseme.” Mungu aliwajalia watoto watano, wa kike watatu na wa kiume wawili, na mmoja wa kiume alitangulia akiwa na miaka miwili, wanne wako hapa pamoja na wajukuu tisa.

Mwaka 1988 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa hili, japokuwa kusema hakukuwa fungu lake, maana akiitwa kuomba hadharani sala yake ilikwisha kabla watu hawajafumba macho, lakini mjane akipatwa na paa linalovuja alikuwa juu ya paa kabla mjane hajamaliza kueleza, na yule ndugu yetu aliyepooza, ambaye leo ameletwa hapa kwa kiti chake, analala hadi sasa katika kitanda ambacho kaka alikitengeneza na kukirekebisha mara tatu, mpaka kikamfaa mgongo.

Sasa nimefika kwenye karatasi ya nne. Wazee wa ukoo waliniambia jana, na walinena kwa nia njema, kwamba msibani siyo mahakamani, marehemu ameondoka na siri yake, mwache aende nayo, naye shemeji alisikia habari hii jana kwa mara ya kwanza, akatoka chumbani, na hajanisemesha tangu hapo. Nitaisoma.

Inueni macho muitazame roshani ile ya kwaya. Wenye umri wanakumbuka kwamba zamani haikuwa na nguzo hizo mbili, ilitokeza ukutani kama mkono ulionyooshwa, na roshani ya namna hiyo nondo zake lazima zikae juu ndani ya zege, kwa sababu juu ndiko kunakovutwa, zikizama chini ni sawa na kutoziweka kabisa. Ilimwagwa siku ya Jumatano, tarehe 28 Agosti 1996, mimi nikiwa msimamizi, kaka akiwa amekwenda kumchukua mama mkwe wake hospitalini, na vibarua walipokuwa wakipita na matoroli walizikanyaga nondo zikazama, nami niliziona zikizama, na mawingu yalikuwa yamefunga, na zege lilikuwa linaanza kukauka, nikasema kwa mdomo wangu, “Mwaga tu, zege litafunika.”

Sherehe ya kufungua jengo hili la kanisa ilipangwa Jumapili, tarehe 22 Septemba. Miti iliyoishikilia roshani iliondolewa Jumamosi ya wiki iliyotangulia, na siku moja kabla ya sherehe kaka alipanda kufunga ukingo wa mbao, akaona pale sakafu inapokutana na ukuta ufa mwembamba kama unywele, umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Akateremka, akamweleza mchungaji wa wakati ule, akaniita na mimi, nikapanda, nikainama, nikajifanya ninautazama, nikasema, “Huo ni ufa wa lipu tu.” Mchungaji akashusha pumzi na kusema kwamba tutauangalia baada ya sherehe.

Asubuhi ya Jumapili, kwaya ya watu sitini na wanne ilipojipanga katika majoho mapya ili ipande, ilimkuta Fundi Timazi ameketi kwenye ngazi ya tatu, amevaa suti yake ya kahawia, mkono mmoja ukutani na mwingine ukutani, na ngazi ile, kama mnavyoijua, upana wake ni mabega ya mtu mmoja. Mwalimu wa kwaya akamwambia, “Mzee, sogea kidogo tupite.” Akajibu, “Leo hampiti.” Wakadhani ni utani, wakacheka, kisha kicheko kikawafia midomoni. Shemeji, aliyekuwa mstari wa kwanza wa sauti ya pili, akamsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini, “Baba watoto, watu wanatuangalia.” Akamjibu, “Waache waangalie, mama, macho hayaui.”

Wageni walikuwa wameshaketi, kinanda kimeshaanza, mchungaji akaja na joho lake, jasho likimtoka, akamwuliza mbele ya kwaya nzima, “Wewe mzee wa kanisa, huna imani?” Na kaka, ambaye hakujua kusema, siku hiyo alisema, “Imani ninayo, Mchungaji. Zege ndilo halina imani, zege lina nondo.” Kisha akanitafuta kwa macho, akanipata nyuma ya mlango, akaniambia, “Mdogo wangu, waambie.” Watu wote wakageuka. Nilikuwa na kazi mpya ya usimamizi, mke wangu alikuwa mjamzito wa mapacha, nikasema kwa mara ya pili, “Ni lipu tu.”

Hakunibishia. Vijana wawili wakamshika makwapani wamwinue, akawaambia kwa upole kwamba wakimtoa watalazimika kumfunga pia, maana atarudi, na mchungaji akaona aibu ya kumburuta mzee mbele ya wageni, akaamuru kwaya iimbe ikiwa imesimama chini, na kaka akakaa pale ngazini kwa muda wa saa tatu na dakika kumi, hakunywa maji, hakusimama, mpaka mtu wa mwisho alipotoka.

Jumanne alisimamishwa uzee wa kanisa, na yakasemwa mengi, kwamba ana wivu na mdogo wake, kwamba uzee umempanda kichwani, na ikatangazwa kwamba Jumapili ya tarehe 29 kwaya itapanda, na yeye asisogee karibu. Shemeji aliniambia kwamba wiki hiyo nyumbani hakukuwa na maneno, vijiko tu ndivyo vilivyosikika.

Siku ya Jumamosi, tarehe 28 Septemba, saa tatu asubuhi, mama aliyekuwa akifagia kanisa alimfungulia mlango, baadaye akasema alifungua kwa sababu katika miaka yote hajawahi kumwona yule mzee akifanya jambo la kujionyesha, na kaka akaingiza miti yake mwenyewe kwa mkokoteni, akaisimamisha yote chini ya roshani, akaikaza kwa kabari, kisha akapanda peke yake na tindo na nyundo, akaanza kuchimba sakafu kandokando ya ukuta. Mlinzi akakimbia kumwita mchungaji, nami nikaitwa, tukaingia pamoja na wazee wanne, na mchungaji akapaza sauti, “Unabomoa nyumba ya Mungu!” Kaka akajibu bila kuinua kichwa, “Nikikuta chuma karibu hapa juu, Mchungaji, nitaziba shimo hili kwa magoti na kuomba radhi Jumapili nzima.”

Ndugu zangu, ninyi hamjui maana ya kusimama na kusikiliza nyundo ikishuka mahali ambapo unajua hakuna kitu. Kila pigo lilinipiga mimi. Aliingia kina cha kidole, hakuna, akaingia kina cha vidole viwili, hakuna, akaingia kiganja kizima, vumbi likamwagika juu ya mabenchi mapya, na nilikuwa na nafasi, nilikuwa na pumzi, ngazi ilikuwa hatua sita kutoka nilipo, na sikupanda. Ndipo zege likatoa sauti kama mti mkavu unapokatika, kaka akajirusha kwenye ngazi, na roshani nzima ikakatika ukutani, ikashuka kidogo, ikalala juu ya miti aliyoisimamisha asubuhi ile. Ilikuwa imembeba mtu mmoja.

Mchungaji alikaa chini kwenye vumbi. 

Kikao cha kanisa kilikaa Jumatano, tarehe 2 Oktoba, kikauliza kosa ni la nani. Kama kaka angesema tu kwamba siku ya zege hakuwepo, macho yote yangenigeukia. Akasema, “Mbao zilikuwa zangu. Kama mnatafuta pa kuanzia, anzeni na mimi.” Mimi nilikuwa nimeketi mkono wake wa kulia, nikitazama viatu vyangu. Ikaandikwa kwamba kosa ni lake, na watu wakasema kumbe ndiyo maana alijua, dhamiri ilimsuta, na uzee wa kanisa hakurudishiwa tena hadi anakufa. Alizijenga hizo nguzo mbili, akatengeneza mbao za roshani mpya, na Jumapili ya tarehe 16 Machi 1997 kwaya ilipopanda, yeye alikuwa ameketi benchi la mwisho, mkewe akiimba juu, watu wakimsalimia kwa ncha za vidole.

Mchungaji mstaafu, uliyeketi hapa mbele, wewe uliandika ulichoambiwa. Aliyewanyima neno ni mimi, na nimewanyima kwa miaka ishirini na mitatu.

Kikohozi kilimwanza Novemba 2017, madaktari wakakuta mapafu yamechakaa kwa vumbi la kazi, akatibiwa akienda na kurudi, hadi tarehe 19 Januari mwaka huu wa 2020 alipolazwa wodi ya wanaume, kitanda cha tatu kando ya dirisha, na watoto na mimi tukapeana zamu ya kumwuguza. Mchana wa Alhamisi, tarehe 30 Januari, nilikuwa ninamnyoa ndevu, nikaweka wembe chini, nikamwambia, “Kaka, ile roshani.” Akavuta hewa kwenye mpira, akasema, “Nilizikuta nondo zilipo, mdogo wangu. Najua zege lilimwagwa na nani.” Nikamwuliza kwa nini alininyamazia, akasema maneno ambayo niliyaandika siku hiyohiyo nisije nikayapamba, “Kwangu ilikuwa kuzuia watu wasife, hiyo nilifanya. Kusema kulikuwa kwako. Ningekusemea, ungebaki na nini?” Akapumzika kidogo, kisha akaongeza, “Historia yangu utasoma wewe. Ukiogopa ruka huo ukurasa, sitainuka kukusahihisha.” Akacheka mpaka muuguzi akaja kutugombeza.

Sijui kama alifanya vema kunificha. Mke wake alibeba aibu isiyo yake, watoto wake walinyooshewa vidole, na wanangu mapacha walikua wakimwita baba yao mtu mwaminifu. Ninachojua ni kwamba hakuniacha hata siku moja, wala hakunikumbusha.

Alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2020, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa amebakiza wiki tatu kutimiza miaka sitini na tisa, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mke wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, ambao hawakuchoka kumgeuza kila saa mbili, majirani mliotuletea maji, viti na kuni bila kuombwa, mafundi wenzake wa kampuni mlioliranda jeneza hili kwa mikono yenu na kulipima kila pembe, mama mfagizi wetu wa zamani, aliyefungua mlango siku ile, na wanakwaya wote, hasa mliobaki katika wale sitini na wanne, ambao leo mna watoto, na watoto wenu wana watoto.

Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa ofisini kwa Mchungaji, niombe kitabu cha vikao cha mwaka ule kifunguliwe, jina lake litolewe katika kosa na langu liandikwe, na adhabu yoyote mtakayoona inafaa nitaipokea nikiwa nimesimama. Shemeji, sikuombi unijibu leo, wala mwezi huu. Ninyi wanangu, watoto wa kaka, baba yenu hakukosea zege.

Kaka, nimesoma zote nne. Pumzika sasa, Bwana akulaze penye amani yake.