Miti ya Kifanya na Kocha Aliyefukuzwa

Benchi la Mama Juliana liko Makambako, hatua chache kutoka njia panda, pale malori yanapopigiana honi na baridi haimjali mtu. Jumamosi ile Silvanus, anayeitwa Kipenga kwa kupuliza maneno bila kuombwa, alifika akakaa kimya. Si kawaida yake hata kidogo! Wiki iliyopita, kwenye mkutano wa wanachama wa Kipengere Stars, timu ikiwa imefungwa mechi nne mfululizo, yeye ndiye aliyesimama wa kwanza akapaza sauti: “Kocha aondoke!” Ikanyooshwa mikono, mpaka ya wasio wanachama. Kocha akaondoka jioni ile ile. Jana sasa, katibu katangaza kwamba mkataba ulikuwa umebakiza miezi kumi na tisa, kila mwezi milioni mbili, na kwa kuwa klabu haina kitu, shamba lake la miti ya paini kule Kifanya litauzwa.

— Hivi kumfukuza mtu nako kunalipiwa? aliuliza Mama Juliana akimimina kahawa. Mimi hapa nimefukuza wangapi, sijatoa hata mia.

— Milioni thelathini na nane, mama, alijibu Hilari, dalali wa viazi wanayemwita Takwimu. Hapo bado nauli ya kumrudisha kwao. Ukipeleka kwenye viazi, ni magunia mia tano na arobaini.

— Lo! Kwa kufungwa mechi nne?

— Nne na sare moja. Sare tumepewa bure.

Mzee Ebeneza alikohoa. Huyu ni fundi cherehani, ila aliwahi kutoa ushahidi mara moja kwenye baraza la kata, na tangu siku hiyo anaitwa Loya na mwenyewe anaitikia.

— Sheria iko wazi, alisema. Ahadi ni deni.

— Leo methali umeipatia, mzee wangu, alisema Mama Juliana.

— Ndiyo maana nasema tusilipe. Deni halifungi mtu.

— Ametushinda huyo! alicheka Takwimu. Mimi nina dawa. Tumrudishe kazini. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumpe jembe kweli, alime viazi Uwemba na baridi hii ya Juni. Ndani ya wiki anakimbia mwenyewe. Akivunja mkataba yeye, anatulipa sisi!

— Kocha wa mpira unampa jembe, kwa kifungu gani? aliuliza Loya. Fikiri kikubwa, kijana. Tuwe na makocha wawili. Huyu mpya kipindi cha kwanza, yule wa zamani cha pili. Tukifungwa, wafukuzane wao kwa wao. Sisi hatumo.

— Au tumlipe miti yenyewe ikiwa imesimama, alisema Takwimu. Aingoje ikomae kama tulivyoingoja sisi. Mvumilivu hula mbivu.

— Nani anakula paini? aliuliza Mama Juliana.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Silvanus hakucheka, maana yeye miti ile aliijua mmoja mmoja. Miaka minane iliyopita, siku ya wanachama kupanda, mstari wa kwanza walipanda yeye na mkewe Emilia. Emilia alikuwa na ujauzito wa miezi saba, akakataa katakata kubaki nyumbani, akabeba miche mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa ni Rebeka, sasa yuko darasa la pili. Kila Krismasi baba mtu humpeleka Kifanya, humsimamisha kwenye mti wa kwanza na kumpima, na kila mwaka mti unamwacha mbali. Miti hiyo ilikuwa ije kuwa uzio wa uwanja na vyumba vya kubadilishia nguo, kwa sababu mpaka leo wachezaji hubadilishia nyuma ya lori. Ilibaki miaka saba tu iwe mbao.

— Mimi ndiye niliyepiga kelele, alisema mwishowe.

— Acha hizo, Kipenga. Sote tulinyoosha mikono.

— Kuku mmoja gulioni nauliza bei mara tatu, Hilari. Siku ile sikuuliza. Inaniuma, jamani.

Wakati huo fuso tupu likaegesha kando ya barabara. Akashuka dada mmoja mwenye buti za mpira, futi ya kupimia mkononi.

— Kamwene.

— Kamwene, mwanangu. Karibu kahawa.

Aliitwa Brightness, mnunuzi wa miti wa Njombe mjini; alikuwa ametoka kushusha mbao na sasa anakwenda kupima shamba la klabu kule Kifanya. Silvanus aliinamia kikombe chake. Loya, asiyeweza kumwacha mgeni bila maelezo, alimsimulia yote: kufungwa, kufukuza, miezi kumi na tisa, hadi kocha mpya aliyepokewa Jumatatu kwa kubebwa mabegani.

Brightness alisikiliza mpaka mwisho.

— Na huyu mpya, mkataba wake ni wa miaka mingapi?

Loya akatazama cherehani yake ng'ambo ya barabara.

— Mkataba upo, alisema.

— Nani ameusoma?

Takwimu akaanza kupuliza kahawa yake iliyokwisha kupoa.

— Siulizi kwa ubaya, baba zangu. Nilitaka kujua kama klabu ina shamba lingine.

— Hakuna lingine, alisema Silvanus.

Mama Juliana aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Yakatoka matone mawili, basi.

Silvanus aliinuka, akakung'uta koti.

— Dada, nafasi ya watu wawili ipo kwenye gari lako?

— Ipo. Unakwenda kunionesha mipaka?

— Mipaka nitakuonesha. Ila nipe dakika kumi nikamchukue binti yangu. Huwa tunampima Krismasi. Mwaka huu itabidi tumpime leo.