Mke Aliyefunga Mlango

"Kwani yule mke alizaliwa na roho ile, au aliipata ukubwani?" Breki aliuliza hivyo Jumapili asubuhi, birika mkononi. Swali lenyewe halikuwa gumu. Ila kijiwe kizima kiligeuza macho ng'ambo ya njia, barazani, ambako shangazi yangu alikuwa ameinama juu ya cherehani yake, na cherehani ikanyamaza. Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, kando ya kibanda cha kinyozi. Breki aliendesha malori mpaka magoti yakamgomea, sasa anauza kahawa. Kinyozi mwenyewe ndiye Wembe. Saa Mbovu hutengeneza saa za watu, na yake haijapata kwenda. Mimi, binti pekee hapa, wananiita Hoja kwa sababu nipo chuoni na nimewahi kurudi mtaani na kombe la mdahalo, likapita mkono kwa mkono hapa benchini mpaka Breki akataka kulinywea kahawa.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi jioni igizo langu la kwanza lilichezwa ukumbini. Mjane anamfungia mama mkwe wake nje, mvua inanyesha. Mama mkwe anagonga, analia, anamwita mwanangu, mwanangu. Mke hafungui. Pazia. Mke huyo aliigizwa na shangazi, na aliigiza hata ukumbi mzima ukalia. Kulipokucha, wateja wake wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Mmoja alisema hawezi kuvaa gauni la mkono uliofunga mlango ule. Na leo jioni tunarudia. Shangazi ametoa sharti: nimwandikie hotuba ya mwisho, mke apige magoti aeleze kwa nini alifanya vile. Bila hotuba, hapandi jukwaani.

Breki: Sasa si umwandikie tu! Anapiga magoti, anasema mama yake alikufa yeye mdogo, baba mlevi, watu wanafuta kamasi, shangazi yako anarudishiwa wateja. Imeisha hiyo.

Mimi: Siandiki.

Wembe: Mbishi kama nini huyu mtoto.

Mimi: Kaka Wembe, juzi ulipogombana na wifi, ulisimama uwanjani ukahutubia moyo wako unaumaje?

Wembe: Nihutubie nini? Niliondoka zangu, nikaja kunyoa.

Mimi: Ukamnyoa nani?

Saa Mbovu: Mimi. Hebu tazama hapa, nyuma ya sikio.

Mimi: Haya. Ugomvi wa Wembe na mkewe tumeusoma kichwani kwa Saa Mbovu. Hakuna aliyepiga magoti.

Breki alicheka hata kahawa ikamwagikia viatu vyake. Wembe akadai kile kipara kidogo ni mtindo mpya.

Breki: Basi tuambie sisi tu. Siri itabaki hapa.

Mimi: Siri iliyowahi kubaki hapa ni ipi? Semeni nyinyi. Mliona nini?

Wembe: Dhahabu. Marehemu mume kaacha dhahabu, mke kaifukia chini ya kitanda. Mama mkwe akiingia tu, atainusa.

Saa Mbovu: Dhahabu wapi, mle ndani mna kigoda na jiko? Mimi nasema mume hajafa. Yumo uvunguni.

Wembe: Uvunguni anatafuta nini?

Saa Mbovu: Anasikiliza mama yake analiaje. Kajifanya amekufa apime mapenzi.

Wembe: Na siku ya mazishi walizika nani?

Saa Mbovu: Hapo sijafika. Niachie muda.

Breki: Nyinyi watoto. Mimi nimebeba kila aina ya abiria, mtu namjua kwa anavyopanda gari. Yule wa nje si mama mkwe! Mama mkwe halisi alikufa zamani, yule ni pacha wake. Hamkuona alichokuwa nacho begani? Kitambaa kirefu, kimekunjwa vizuri. Kile si cha mvua, bwana. Kile cha kunyongea mtu.

Wembe: Kumbe mke ni shujaa!

Breki: Shujaa wapi. Na yeye ana kisu ndani ya jiko.

Nikasimama. Nikisimama kijiweni, Saa Mbovu hufunika kikombe chake kwa kiganja, maana mikono yangu nayo huzungumza.

Mimi: Mwezi uliopita, ukumbi uleule, mlitazama igizo la jambazi aliyechoma soko. Mlitoka mnasemaje?

Wembe akapuliza kahawa yake.

Mimi: Mlitoka mnasema maskini, alikosa malezi. Soko zima, wazee wangu! Breki ulimlilia. Huyu mke kafunga mlango mmoja tu, wa nyumba yake mwenyewe, na kuanzia asubuhi ana dhahabu, ana kisu, ana mume uvunguni. Mwanamume akiwa mbaya, mnamtafutia historia. Mwanamke akiwa mbaya, mnasema ndiyo tabia yake.

Breki: Hapo umetupiga.

Wembe: Imeingia. Imeingia mpaka ndani.

Nilikaa nikijiona nimerefuka. Kisha sauti ikatoka barazani. Shangazi hakuinua hata kichwa.

— Maneno mazuri, mwanangu. Wateja wangu wameyasikia?

— Shangazi, nikiandika ile hotuba nimemuua yule mke. Mtu gani anajieleza vile, kapiga magoti, machozi yamepangwa foleni? Sababu yake iko palepale jukwaani, mbele ya macho yao. Nimeiacha ionekane tu, sikuiandikia hata neno moja. Katika igizo zima hicho ndicho ninachojivunia.

— Na macho tulikuwa nayo, Breki akasema taratibu, si kwa utani. Mimi nilikaa safu ya pili. Sababu sikuiona.

— Mlikuwa mnatazama mlango.

— Nilitazama kila kitu, binti yangu. Tiketi nilinunua.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja kijana, mtoto mgongoni amelala. Naye alifuata kitambaa chake. Shangazi alikuwa ameshamrudishia, kimekunjwa, na yule mama akavuka njia kuja kwenye benchi letu, akaagiza kahawa apumzike kidogo. Alituangalia mmoja mmoja.

— Samahanini. Mimi ukumbini sikuja, nimehadithiwa tu. Huyo mke mle ndani alikuwa na nani?

— Peke yake, Wembe akasema.

— Na mtoto, nikasema mimi.

— Mtoto gani? Saa Mbovu akauliza.

Nilidhani ananitania.

— Mtoto wake! Amempakata tangu mwanzo mpaka pazia. Bibi kaja kumchukua mjukuu akamlee kwao, ndiyo maana ana kitambaa begani. Mbeleko ile, Mzee Breki, ya kubebea mtoto! Mke anajua akifungua tu, mtoto ameondoka. Na bibi naye hana ubaya, amefiwa na mwanawe, anamtaka aliyebaki. Ndiyo igizo lenyewe hilo!

Walinitazama kama watu wanaomtazama mgonjwa.

Breki: Hoja, mtoto hakuwepo.

Saa Mbovu: Alikaa kwenye kigoda, mikono mitupu. Hivi. Akaiweka magotini, akatulia.

Yule mama alimpandisha mwanawe mgongoni, akamkaza.

— Kama mtoto hakuwepo, mlango alimfungia nani?

 Wembe alichungulia ndani ya kikombe chake. Na mimi, mwenye kombe la mdahalo, nikaanza kuikumbuka jioni ile. Jumamosi jukwaa sikuliona. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao nikizungusha kokoto kwenye sinia: mvua ile ilikuwa mimi. Kwenye mazoezi shangazi alipakata shali iliyokunjwa. Alisema mwanasesere wa kuwa mtoto atamshona mwenyewe, nisihangaike.

Nikavuka njia.

Mwanasesere alikuwapo. Chini ya cherehani, kwenye rundo la vipande, mguu mdogo wa kitambaa ulikuwa umejitokeza. Nilimvuta. Nilitegemea kibonge cha pamba chenye macho mawili ya vifungo. Huyu alikuwa na masikio. Alikuwa na vidole, kila kimoja kimeshonwa peke yake, na shati lenye kola, na nywele za uzi zilizochanwa upande mmoja. Mtu hamshoni mwanasesere wa igizo namna hiyo.

— Nilimbeba mpaka nyuma ya pazia, shangazi akasema. Nikachungulia. Nikawaona. Wateja wangu, majirani, mawifi zangu wamejaa safu ya mbele. Tangu niolewe wananitazama tumbo, mwanangu. Nikasema, leo nitoke mbele yao nimempakata mtoto wa vitambaa? Watacheka. Au watanionea huruma. Nikamlaza chini, nikatoka.

— Ukaona bora wakuchukie.

— Mtu anayenichukia naweza kumtazama usoni. Anayenihurumia simwezi.

Cherehani ilikuwa kati yetu, sindano imebaki katikati ya mshono. Nilitaka kukasirika, maana hasira ndiyo nguo yangu ya kila siku. Nilitaka kumwambia igizo langu lote liliegemea mikono ile. Nikakumbuka jambo jingine: kule nyuma, nikiwa mvua, nilisikia watu wanalia. Waliona nini, kama mtoto hakuwepo? Mwanamke kwenye kigoda na mikono mitupu magotini. Hiyo sikuiandika mimi. Nilimwonea shangazi fahari.

— Ile hotuba, akasema. Ningesema tu nilikuwa na mtoto. Kusema naweza. Kumshika ndio sikuweza.

Nyuma yangu Breki alikohoa. Mtaa wetu hauna ukuta wa kuzuia sauti.

— Shangazi wa Hoja, akaita kutoka benchini. Safu ya mbele leo tunakaa sisi. Tunakwenda mapema. Mawifi watatafuta pa kukaa.

— Nitanyoa ndevu kabisa, Wembe akasema.

— Usinyoe wengine, Saa Mbovu akamwambia.

Shangazi hakucheka, ila mdomo ulimcheza. Yule mama kijana alikuwa bado amekishika kitambaa chake mapajani, hajui aende nacho au akirudishe. Hakuna aliyemharakisha.

Nilikuwa na hoja, msidhani sikuwa nazo. Ningeweza kusema mawifi wakimwona na mtoto yule watanyamaza. Lakini huenda wasinyamaze. Kweli huenda wakacheka. Ningeweza kusema atarudishiwa wateja, na hilo silijui. Nilimfuta mwanasesere vumbi la nyuzi, nikaiweka sawa kola yake, nikamlaza juu ya meza ya cherehani, mbele ya shangazi yangu.

— Shangazi, nikasema. Leo jioni mpakate. Nakuomba.