Jaji Remo Galvagni na Ule Mwaka Mmoja

Ndugu zetu mliokusanyika katika kanisa hili la Mtakatifu Roko, majirani wa Harrow Falls, waheshimiwa majaji na mawakili mliokuja kwenye theluji kutufariji, familia imeomba maisha ya mzee wetu yasomwe kama alivyoyaishi, pamoja na yale ambayo wengi wenu mnayajua na msingependa kuyasema mbele ya jeneza, kwa sababu yeye mwenyewe alituachia neno kwamba asisifiwe, na kama hatuwezi kusoma yote basi tusisome lolote.

Marehemu Remo Galvagni alizaliwa tarehe 9 Februari 1904 hapa hapa Harrow Falls, katika mtaa wa bondeni nyuma ya karakana za mawe, akiwa mtoto pekee wa Anselmo Galvagni, mchongaji wa malaika wa makaburini aliyetoka Carrara kule Italia, na mkewe Assunta, ambaye alimfuata mumewe akiwa na sufuria moja ya shaba na hasira zake zote. Baba yake alifariki tarehe 22 Mei 1919, akiwa na umri wa miaka arobaini na moja, kwa ugonjwa ambao hapa kwetu hakuna haja ya kuueleza, kile kifua cha mawe, kinachomfanya mtu mzima mwenye mabega kama mlango akae kitandani ameegemea mito akiitafuta pumzi kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Tangu siku hiyo Assunta alipangisha vyumba kwa wachonga mawe wasio na wake, akauza pombe kali ya zabibu kwenye mlango wa jikoni kama walivyofanya wajane wote wa mtaa ule, na polisi waliijua nyumba yake vizuri kwa kuwa nao walikuwa wateja.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya bondeni, kisha sekondari ya mjini, akamaliza Juni 1922, na alipotaka kwenda karakana kama wenzake mama yake alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Siku utakayoshika tindo, usirudi kula polenta yangu," alimwambia. "Nimeshazika mapafu ya kutosha."

Basi akaenda kufagia ofisi ya wakili mzee Hosea Tillotson, na kwa kuwa siku hizo jimbo letu liliruhusu mtu kujifunza sheria chini ya wakili bila kupita chuo kikuu, alifagia asubuhi na kusoma mchana, akafanya mtihani, na Oktoba 1927 akaapishwa kuwa wakili. Alifungua ofisi juu ya duka la viatu, wateja wake wakiwa wachonga mawe wa Kiitaliano, Waskoti, na Wahispania wachache, ambao walimlipa kwa uyoga, sungura na ahadi, na aliyepanda ngazi zile mara nyingi kuliko wote, bila kesi yoyote, alikuwa Duilio Marchesani, rafiki yake tangu utotoni, mchonga herufi, aliyekuja kula chakula chake cha mchana pale na kumtania.

"Wakili, majina ya wateja wako wote nitayachonga mimi," Duilio alipenda kusema. "Wewe unawapata wakiwa hai, mimi nawapata baadaye. Tugawane faida."

Tarehe 17 Juni 1931 marehemu alifunga ndoa na Elspeth Rennie, mwalimu wa shule, binti wa mchonga mawe Mskoti, na baba huyo kwa kukataa kuingia katika kanisa la Kikatoliki alisimama nje juani na kofia yake kichwani mpaka ibada ikaisha, kisha akaingia karamuni akala kuliko mtu yeyote. Mungu aliwajalia watoto wawili, Anselmo, aliyezaliwa mwaka 1932, na Mairi, aliyezaliwa mwaka 1935.

Novemba 1936 watu wa Harrow Falls walimchagua marehemu kuwa mbunge katika bunge la jimbo, wakiwa wametaka kwake jambo moja tu, sheria ya kuwalipa fidia walioharibiwa mapafu na vumbi la mawe pamoja na wajane wao, kwa maana katika miaka ile hapakuwa na nyumba bondeni isiyokuwa na mtu anayekohoa. Aliuandika mswada ule kwa mkono wake, akaupeleka bungeni Januari 1939, na huko akakutana na Bwana Lathrop, mwenyekiti wa kamati, mtu mpole ambaye familia yake ilikuwa na machimbo mawili, na Bwana Lathrop hakumpinga, alimwita tu pembeni kwenye korido akamwekea mkono begani.

"Fidia utapata, kijana wangu," alimwambia. "Lakini anayedai adai ndani ya mwaka mmoja tangu siku aliyoacha kazi. Hatuwezi kudaiwa na wazee wanaokohoa mpaka mwisho wa dunia."

"Ugonjwa huu hauonekani ndani ya mwaka mmoja, Bwana Lathrop. Unachukua kumi."

"Najua. Chukua mwaka mmoja, au rudi kwenu mikono mitupu."

Marehemu alizunguka jengo la bunge adhuhuri ile akiwa hana kofia, kwenye baridi, kisha akarudi akaandika maneno yale mawili, mwaka mmoja, na sheria ikapita tarehe 30 Machi 1939. Aliporudi nyumbani watu walimpokea na tarumbeta, na katika uwanja wa kurusha matufe nyuma ya klabu ya Waitaliano walimbeba mabegani, ila Duilio, ambaye alikuwa ameisoma sheria yenyewe tangu mstari wa kwanza, kwa kuwa mchonga herufi hasomi haraka, alimngoja mpaka wakamshusha.

"Remo, huu mwaka mmoja ni wa nani?"

"Ni wa kuanzia tu. Tukishaingiza mguu mlangoni, kikao kijacho naurekebisha."

"Kifua changu hakijui vikao, bwana."

"Nipe kikao kimoja, Duilio. Kimoja tu."

Kikao kile hakikuja. Mwaka 1941 kamati ilikataa hata kumsikiliza, vikafuata vita, na katika vita nani atazungumzia vumbi, mwaka 1945 akaambiwa viwanda viachwe vipumue, maneno hayo hayo, na mwaka 1947 mswada wake ulifungiwa kwenye kamati mpaka bunge likavunjwa, naye kila aliporudi likizo alipita njia ya juu ili asikutane na watu wa bondeni, na kila mara Duilio alimkuta huko huko juu, akamuuliza habari za watoto, asimuulize jingine. Mwaka 1950 lilipotoka jina lake kuwa Jaji wa Mahakama ya Shirikisho katika jimbo letu, Mwitaliano wa kwanza kukalia kiti kile, wapinzani wake bungeni ndio waliosaini barua za kumuunga mkono kwa furaha kuliko wote, kwa sababu walijua jaji haruhusiwi kubeba mswada. Elspeth alimuuliza jikoni, "Na sheria yako?" naye akajibu kwamba wapo wengine watakaoibeba. Hakuna aliyeibeba.

Marehemu Duilio Marchesani aliacha kazi mwaka 1946 akiwa anapumua kama mtu yeyote, akaanza kukohoa mwaka 1951, na tarehe 3 Septemba 1954 akafariki akiwa ameegemezwa mito, na mjane wake Fiorenza, aliyeko hapa leo, akaishtaki kampuni aliyoifanyia kazi mumewe. Kampuni ilikuwa ya jimbo jingine, hivyo kesi ikaangukia Mahakama ya Shirikisho, ambayo kwetu ilikuwa na jaji mmoja. Marehemu aliziuliza pande zote mbili mbele ya watu kama zingependa aje jaji kutoka nje, na wakili wa kampuni akasema wana imani naye kamili, kwa kuwa hakuna anayeijua sheria hii zaidi yake, na Fiorenza akasema hivyo hivyo, kwa kuwa yule ni Remo wa Assunta.

Elspeth ametueleza kwamba kwa wiki kadhaa marehemu hakula vizuri, alitafuta mwanya katika sheria ile kama mtu anayetafuta ufa kwenye graniti, na hakuuona, kwa sababu alikuwa ameiandika vizuri. Alisema mezani kwamba akimpa Fiorenza ushindi, mahakama ya rufaa itaufuta kabla ya kiangazi, na Elspeth akamwambia, "Basi waufute wao, Remo, si wewe," naye akasema jaji anayeandika asichokiamini kuwa sheria avue joho aende zake. Tarehe 11 Aprili 1956 alisoma hukumu kwa sauti ambayo waliokaa nyuma hawakuisikia, kwamba madai yalifunguliwa miaka saba baada ya muda kupita, kwamba mahakama inasikitika, na kwamba kesi imetupwa, na alipomaliza Fiorenza akasimama.

"Shemeji, naomba kuuliza. Hayo maneno ya mwaka mmoja, nani aliyaandika?"

Askari wa mahakama alimwamuru akae, marehemu akasema, "Mwache."

"Nani, shemeji?"

"Mimi."

"Haya. Sina swali jingine."

Alichukua mkoba wake akatoka, na wachonga mawe wote waliokuja naye wakatoka nyuma yake, wengine wakikohoa, na katika korido ile ndefu kikasikika kikohozi mpaka mlango wa nje. Mahakama ya rufaa iliikubali hukumu, ikaisifu kuwa imeandikwa kwa ufasaha wa kuigwa, na kuanzia hapo ilitumiwa kuzifunga kesi nyingine zote za vumbi katika jimbo letu, thelathini na kitu, za watu ambao majina yao mnayakuta hapo nje mkipita makaburini. Marehemu alikuwa ameandika mwishoni mwa hukumu ombi kwa bunge kwamba ule mwaka mmoja uondolewe. Bunge halikujibu, kwa kuwa halikuulizwa na mtu mwenye kura.

Mwaka 1961 alikwenda ofisi ya chama mjini, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, kusema kwamba yuko tayari kuvua joho na kugombea tena ubunge wa Harrow Falls kwa ajili ya kifungu kimoja tu. Katibu alimpa kiti na kahawa.

"Mheshimiwa, nikuulize bila kukuvunjia heshima. Kule bondeni, nani atakupigia kura?"

Marehemu alifikiri, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli akasema, "Mke wangu, labda." Alirudi kwenye kiti chake cha ujaji, akahukumu kesi za posta, za mipaka na za watoro wa jeshi, na wale waliofanya kazi naye watashuhudia kwamba alikuwa mwadilifu, mwangalifu, na kwamba hakuna aliyemwona akicheka.

Aliugua figo mnamo Oktoba 1967, akalazwa, akarudishwa nyumbani, akalazwa tena, na daktari aliyempima kifua alimwambia kwa kumfariji kwamba mapafu yake ni safi kama ya mtoto, na marehemu akageukia ukuta. Mwezi wa pili mwaka huu aliomba Fiorenza aitwe. Alikuja, akaketi bila kuvua koti, na Elspeth alikuwepo chumbani akasikia yote.

"Fiorenza, ningefanyaje?"

"Kortini? Sijui mambo ya korti. Ungeukataa ule mwaka mmoja pale mwanzo."

"Tungekosa yote."

"Tulikosa yote, Remo."

Akakaa naye bado, jioni ikaingia, akamnywesha maji kwa kijiko, akamfuta kidevu, kisha akaaga. Marehemu alipomuuliza kama amemsamehe, alisema, "Usiniombe hilo, shemeji, mimi nimechoka," akashuka ngazi. Mheshimiwa Jaji Remo Galvagni alifariki tarehe 14 Machi 1968, saa kumi alasiri, nyumbani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majaji na makarani wenzake, na majirani wa juu walioleta kuni na supu. Tunawashukuru pia watu wa bondeni, ambao hamkuleta kitu na hatukuwatarajia mlete, lakini mmekuja na mmejaa mpaka mlangoni. Wachonga mawe walijitolea kumchongea jiwe, tumekataa kwa wosia wake, kwa kuwa aliandika kwamba pasiwe na mtu wa kuvuta vumbi kwa ajili ya jina lake, atawekewa msalaba wa mti nao utaoza kama miti iozavyo. Sheria ile iko vitabuni leo kama ilivyokuwa, neno kwa neno, na bunge limefunga kikao chake wiki iliyopita bila kuigusa.

Remo, amani hukuijua, wala hatuna ya kukupa. Pumzika hivyo hivyo.