Muuguzi Aliyeacha Kusoma Uzito kwa Sauti

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, kumi na tisa kati yake katika chumba chetu cha kusafishia damu, muuguzi wetu mkuu anastaafu tarehe 30 Juni. Wengi wetu hatujawahi kufanya kazi humu bila yeye, na nakiri sijui tutaanzaje.

Tulimwita Mama Mizani, mbele yake na nyuma yake. Figo zikishindwa, maji hubaki mwilini, kwa hiyo kila mgonjwa hupimwa uzito anapofika, na kilo zilizozidi ndizo mashine itakazotoa kwa saa nne. Mama Mizani alizisoma kwa sauti iliyofika hadi mapokezi. Aliyezidisha alipewa maneno yake papo hapo, wote wakisikia. Sisi wageni wa kazi tulidhani huo ndio uuguzi, tukamwiga.

Kisha fundi cherehani mmoja, asiyekosa Jumatatu, Jumatano wala Ijumaa, akakosa mara mbili mfululizo. Simu hakupokea. Mama Mizani alivua sare, akamfuata nyumbani kwa miguu. Alimkuta amevimba uso, anahema kwa shida, na mkewe amechoka kumbembeleza. Alichoambiwa pale hajawahi kukificha: "Sista, sindano naiweza. Ninachoshindwa ni kutangazwa kilo zangu mbele ya watu ninaowashonea."

Alimrudisha saa ileile kwa teksi, na fundi akanusurika chupuchupu. Asubuhi iliyofuata alisimama katikati ya viti kumi na viwili akawaomba radhi wagonjwa wote. Hakuumauma maneno. Mizani ikahamia nyuma ya pazia, na tangu siku hiyo uzito unaandikwa, hautangazwi.

Hapo ndipo ung'ang'anizi wake ulipopata kazi ya maana. Alianza kumuuliza kila mgonjwa, kabla ya sindano, akitoka hapa ana shughuli gani, na jibu likaandikwa kwenye faili karibu na shinikizo la damu. Kwa majibu hayo alipigania zamu ya saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya wenye kazi. Uongozi ulimkatalia mara tatu. Mara ya nne alibeba mafaili yote pamoja na kiti, akaketi mlangoni mwa ofisi mpaka wakamsikiliza. Leo mwalimu mmoja anawahi kipindi chake cha tatu kwa sababu ya kiti kile.

Na jambo hili wachache wanalijua: hakuwahi kunywa maji mbele ya wagonjwa wanaohesabu mafunda. Alijificha stoo, na ole wake aliyemfumania huko na kikombe.

Wiki hii fundi aliomba Mama Mizani amchome yeye mwenyewe kabla hajaondoka. Alikataa. Alimwita muuguzi mgeni kuliko sisi sote, yeye akatia mikono mifukoni, akatazama. Najua ilimuuma. Sindano iliingia mara moja. Fundi akamgeukia binti yule, akamwambia, "Jumatatu nakuja kwako."

Asante, Mama, kwa kutufunza na kwa kukubali kufunzwa. Tunakutakia uzima, usingizi wa asubuhi, na wajukuu wasiokupa nafasi ya kukaa. Wagonjwa tunao sisi.